Picha Nne za Mwamba wa Nyakerario

"Funga mlango," shangazi Bathsheba aliniambia, mwavuli wake ukidondosha maji juu ya karatasi zangu za picha.

"Shangazi, niko na mteja."

"Atangojea. Funga."

Mteja alikuwa mzee mmoja wa hapa Keumbu aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, kofia mkononi. Aliposikia sauti ya shangazi akainuka mwenyewe akatoka kwenye mvua bila kuambiwa. Watu humtii shangazi yangu hata kabla hawajajua jina lake. Nikafunga mlango wa studio.

"Huyo Nyakundi wako ana mwanamke," akasema.

Nilicheka kwanza. Nilidhani ni mzaha, ingawa shangazi hana mzaha.

"Nani amesema?"

"Mimi. Nimetoka huko kwao jana. Siku mbili natembea boma kwa boma, miguu imevimba. Ana mwanamke, na amemjengea nyumba. Si esaiga, ile nyumba ndogo ya kijana. Nyumba kamili. Mabati tayari."

Nikakaa kwenye ile stuli ya mteja.

Kwetu Wakisii, kabla msichana hajaolewa, watu wake hutuma esigani, yaani mtu wa kwenda kupeleleza nyumba ya mchumba: kama ni walevi, kama wana ugomvi, kama kijana ana mke mahali. Esigani haendi akijitangaza. Shangazi hujifanya anatafuta machipukizi ya ndizi ya kununua. Anapiga gumzo na majirani, anachomeka swali lake katikati ya maongezi, anaondoka na ndizi zake na habari zake. Jina la msichana halitaji hata kwa mtutu wa bunduki. Amefanya kazi hiyo kwa ndoa kumi na moja na zote ziko hai.

"Uliuliza nani?"

"Jirani anayechuma chai. Nikamwambia, huyu kijana wa ng'ombe ana bibi? Akasema, bibi hajaingia lakini nyumba yake iko tayari, anangojewa tu. Nikauliza wa pili. Hivyo hivyo. Wa tatu akacheka, akasema huyo dakitari wa ng'ombe amepumbazwa na huyo mwanamke, kila jioni anarudi na mfuko wa simiti kwa pikipiki."

"Na baba?"

"Nimemwambia leo asubuhi. Ameshapigia ami yake Nyakundi simu. Ekerorano imevunjwa."

Ekerorano ndiyo siku ya wazee wa pande mbili kuonana. Ilikuwa ifanyike kwetu Sironga, Jumapili ya wiki iliyofuata. Mama alikuwa ameshaanza kupaka kuta rangi. Na baba yangu, mzee Manasseh, ni mzee wa kanisa mwenye neno moja. Akisema hapana ni hapana, mpaka yule aliyemletea habari arudi kwa miguu yake kuifuta. Sijawahi kuona aliyerudi.

Sikulia. Mimi nikiumia huwa nakuwa mkali, machozi huja baadaye nikiwa naosha vyombo. Nilichofikiria ni kitu kimoja tu. Mwaka mzima nimekaa nyuma ya pikipiki ya huyu mtu, tumeingia vichochoro vya Kisii na Nyamira ambavyo hata mbuzi huviogopa, na hajanitajia hata tofali moja. Mtu haifichi nyumba kama haina mtu ndani.

Nikachukua simu, nikaandika mbele ya shangazi:

"Hongera kwa nyumba mpya. Mwambie mwenyewe aingie salama. Usinitafute."

Nikatuma. Nikaziba namba yake.

"Umefanya vizuri," shangazi akasema. Akafungua mlango, akamwita yule mzee arudi apigwe picha.

*

Nyakundi alikuja hapa studio mwaka jana, mwezi wa nne, akiwa na gamubuti zenye matope na harufu ya ng'ombe.

"Nataka picha ya kitambulisho cha kazi."

"Kazi gani?"

"Napandisha ng'ombe kwa sindano."

"Basi tabasamu kidogo."

"Ng'ombe hawajali kama natabasamu."

Nilimpiga akiwa amekunja uso. Nilipokuwa naikata picha, akazunguka akitazama zile nilizotundika ukutani, zile ninazoweka kwenye ukurasa wangu.

"Hii ni kilima cha Manga," akasema. "Hii nayo ni Manga. Na hii ni Manga ikiwa na watu."

"Manga ni maridadi. Una ubaya na Manga?"

"Sina. Lakini kila mtu mwenye simu ameshaipiga. Mimi naingia boma ishirini kwa wiki, madam. Nyuma ya jikoni za watu kuna vitu hujawahi kuota."

"Kama nini?"

"Njoo Jumapili. Beba koti."

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimechoka na pasipoti na picha za mahafali, na huyu mtu alikuwa anaongea akinitazama machoni, si kifuani. Nikaenda.

Kweli, nyuma ya jikoni ya mama mmoja, hatua hamsini kutoka kwa banda la ng'ombe, kulikuwa na maporomoko ya maji. Madogo, marefu kama nyumba mbili. Mvua ya masika ilikuwa imeyajaza, na wale watoto wa boma walikuwa wanayatumia kuoshea mitungi ya maziwa tu. Nikaanza kutoa kamera.

"Kwanza ng'ombe," Nyakundi akasema, akivuta glavu mpaka begani. "Ng'ombe hangoji mwanga."

"Na mwanga haungoji ng'ombe."

Akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Mwenye boma akamuuliza mimi ni nani, naye akajibu bila kupepesa macho, "Ni daktari mwenzangu." Nikapewa glasi ya maziwa.

Tukirudi siku hiyo akapitia njia nyingine, akanipandisha kwenye mwamba mmoja ulio kwenye shamba la bibi kizee anayeitwa Nyakerario. Ulikuwa mwamba wa kawaida, mweusi, wenye nyasi kwenye nyufa. Mbele yake bonde, na ng'ambo ya bonde mgongo wa kilima, upande wa Itumbe, kijani cha chai na migomba.

"Simama hapa," akasema. "Sasa piga kule."

"Kule hakuna kitu."

"Piga tu."

"Nyakundi, nipige nini? Migomba? Niko na migomba kwetu."

"Piga, halafu usifute. Nitakuomba hiyo tu."

Nikapiga ili tushuke, maana mawingu yalikuwa yameshika.

Mwezi wa saba, baridi na ukungu, alinipeleka kwenye kinu cha zamani kinachosaga kwa nguvu ya maji, gurudumu limeota kuvu, na mzee mwenyewe bado anasagia majirani mahindi mapya. Tukaingia na lenzi zangu zikaingia ukungu. Niligombana na hali ya hewa siku nzima. Tulipofika kwa ule mwamba, meno yalikuwa yanagongana.

"Piga kule," akasema.

"Leo hata hicho kitu ambacho hakipo hakionekani."

"Utatoka ukungu. Ngoja."

Tulingoja tumekaa chini ya koti lake la mvua. Nikaropoka, kama ninavyoropoka nikiwa na baridi:

"Mimi nikijaliwa nyumba yangu nitaweka dirisha moja hivi," nikafungua mikono yote miwili, "la kuona bonde zima. Niamke, nipige picha ukungu ukipanda, chai iko mkononi, sijavaa hata viatu."

"Utakufa na baridi."

"Nitavaa sweta."

Akaitazama mikono yangu, kisha akasema, "Hebu fungua mikono tena."

"Ya nini?"

"Fungua tu."

Nikadhani anataka kukumbatiwa na anaona haya kusema. Nikafungua mikono, nikamkumbatia. Hakukataa. Alikaa hivyo muda mrefu, moyo wake ukienda mbio chini ya shati, na ukungu ulipotoka ikabidi yeye mwenyewe anikumbushe kupiga picha.

Mwezi wa kumi tulipiga picha za korongo taji kwenye kinamasi karibu na kwetu Sironga, tumejilaza kifudifudi kwenye matope mpaka nikashindwa kueleza nguo kwa mama. Mwezi wa kwanza, kiangazi, akanipeleka kwenye mti wa omotembe uliokuwa hauna jani hata moja, maua mekundu matupu, ndege wadogo wakinyonya. Na kila mara, tukimaliza, ni kwa mwamba. Piga kule. Usifute.

Ile ya mwezi wa kwanza ndiyo ilinikasirisha.

"Kuna kitu kinang'aa kule," nikamwambia, nikimwonyesha kwenye kamera. "Kimeharibu picha yote. Mtu ameweka mabati mapya mahali pabaya kabisa."

Nyakundi alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka nikaanza kukasirika kweli.

"Nini?"

"Hakuna."

"Unanicheka."

"Nyanchera," akasema, akijipangusa macho kwa mkono wa shati, bado amekaa chini pale. "Nitume wazee kwenu?"

Nilisahau mabati. Nilisahau hata kamera, nikaiacha juu ya mwamba, ikabidi turudi kuichukua.

"Tuma," nilimwambia.

*

Sasa hizo ndizo siku nilizokuwa nazifikiria nikiwa nimemfungia simu.

Siku ya tatu ujumbe uliingia kutoka namba nisiyoijua:

"Ni mimi. Ami ameniambia wamekataa. Sijui umeambiwa nini. Chochote ulichoambiwa, niulize. Niulize tu."

Nilisoma mara tano. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi kiburi kilikuwa kimenipanda. Nilijiambia, nikimuuliza atanidanganya, na akinidanganya kwa ile sauti yake nitaamini. Bora nisisikie.

Sikujibu.

Siku ya nne, Jumamosi jioni baada ya kanisa, maana sisi ni Wasabato, nikawasha kompyuta kufuta picha zake zote. Nilitaka kuanza na zile za mwamba kwa sababu ndizo mbaya kuliko zote. Hata mgeni angezifuta. Nikafungua ile ya mwezi wa kwanza yenye kile kitu kinachong'aa, nikasema nikione kwanza hiki kilichomchekesha, halafu nifute.

Nikaivuta karibu.

Yalikuwa mabati mapya. Chini yake kulikuwa na nyumba.

Nikafungua ya mwezi wa kumi, nikavuta pahali hapo hapo. Hapakuwa na paa. Kuta zilikuwa zimefika juu, na katikati ya ukuta unaotazama bonde kulikuwa na pengo kubwa, kama fundi ameishiwa matofali.

Nikafungua ya mwezi wa saba, ukungu umebaki pembeni. Msingi wa mawe, na mtu mmoja mdogo kama punje ya mtama ameinama juu yake. Huyo labda alikuwa fundi.

Nikafungua ile ya kwanza kabisa, ya masika. Migomba imekatwa, kipande cha ardhi nyekundu, na nguzo nne zimepigwa kwenye pembe.

Siku ile ya kwanza, mtu huyu alikuwa amenijua wiki moja.

Lakini mimi ni mtoto wa Manasseh, siamini kitu nusu. Nyumba ni nyumba. Inaweza kuwa ya mwingine. Nikampigia shangazi.

"Shangazi, ile nyumba uliiona kwa macho?"

"Niliiona. Mbona?"

"Ina dirisha gani?"

Akaguna. "Heh. Usinikumbushe. Dirisha moja liko mbele, kubwa kama la duka la vitambaa. Na huko juu kuna baridi ya kuua. Majirani wanacheka mpaka basi. Wanasema huyo mwanamke sijui ametoka wapi, ameomba dirisha la kuingiza pikipiki."

"Linatazama wapi?"

"Bondeni. Linatazama mwamba fulani, ng'ambo. Hakuna kitu huko."

Nikaweka mkono mdomoni.

"Nyanchera? Uko?"

"Shangazi, ulipouliza, ulitaja jina langu?"

"Kwani mimi ni mgeni kwa kazi hii? Esigani hataji jina."

"Na wao walitaja jina la huyo mwanamke?"

"Hawamjui jina. Hajawahi kuingia hapo. Wanasema tu..." Shangazi akasita. "Wanasema wamekuwa wakimwona dakitari ng'ambo kule kwa mwamba na msichana fulani. Mara moja moja. Ana kitu amening'iniza shingoni. Nilidhani ni mkoba."

"Ni kamera, shangazi."

Nilisikia jogoo wao akiwika huko nyuma.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Miaka thelathini naingia maboma ya watu. Sijawahi kukosea."

"Hukukosea. Ni kweli ana mwanamke na amemjengea nyumba. Ni mimi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia na shangazi akaniacha nilie, na nadhani upande wake pia kulikuwa na kitu, ingawa atakataa mpaka kaburini.

"Kwa nini hakukuambia huyo mjinga?" akauliza mwishowe.

"Angenionyeshaje? Mimi siwezi kukanyaga kwao kabla wazee hawajaonana. Akaamua kunionyesha kutoka ng'ambo. Na mimi nikamwambia hakuna kitu."

"Ngoja," shangazi akasema. Nilimsikia akitafuta viatu. "Kwa baba yako nitaenda mwenyewe, kesho kukipambazuka. Nitameza maneno yangu mbele yake na uji wake. Wewe tafuta huyo mtu. Na Nyanchera."

"Ee."

"Usitume meseji. Nenda."

*

Jumapili asubuhi nilikuwa juu ya mwamba wa Nyakerario na lenzi yangu ndefu. Boma la watu siwezi kuingia, lakini mwamba hauna mwenye kunizuia isipokuwa bibi Nyakerario mwenyewe, na yeye alinipungia mkono kutoka kwa chai yake.

Masika yalikuwa yameanza tena. Bonde limejaa kijani na ukungu ulikuwa unapanda kwa vipande. Nikaelekeza kamera ng'ambo, nikapata paa, nikashuka mpaka kwenye dirisha.

Alikuwa pale. Alikuwa amevaa ile ovaroli ya bluu, na mkononi ana mwiko wa simiti. Pembeni yake rundo la matofali. Alikuwa anaziba dirisha.

Nikapiga simu, nikatazama kwenye lenzi. Nilimwona akiweka mwiko chini, akitoa simu mfukoni, akiitazama. Akaitazama muda mrefu. Nikajua hapa ndipo nitakapompoteza au nitakapompata.

Akapokea.

"Niliambiwa nisiitafute hii namba."

"Sasa ni yenyewe imekutafuta. Unafanya nini na hayo matofali?"

Nilimwona akiinua kichwa. Akatazama kushoto, kulia, kisha moja kwa moja kwangu, ingawa kwake nilikuwa nukta tu.

"Uko kwa mwamba."

"Niko. Umefika wapi?"

"Safu mbili."

"Acha hapo."

"Kwa nini? Watu walikuwa wananicheka bure. Nalifanya dogo, la kawaida. Mama anasikia baridi."

"Nimekuja kuuliza."

Nilimwona akiokota mwiko tena.

"Ulisema nikuulize. Nimekuja kuuliza. Hiyo nyumba ni ya nani, Nyakundi?"

"Ungeniuliza Jumatano."

"Najua."

"Hujui." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kutuma esigani ni sawa. Hata sisi tulituma kwenu, akala obokima kwenu akashiba. Hiyo ni desturi. Lakini shangazi yako alinipeleleza siku mbili, na wewe ulikuwa nami mwaka. Nani alipaswa kunijua? Mama aliniuliza kama wamekataa kwa sababu nanuka ng'ombe. Nimwambie nini? Nilikuwa na meseji ya hongera."

Nilishusha kamera. Sikuweza kumtazama hivyo kwa kumvizia.

"Nilikosea," nikasema. "Niliogopa kukuuliza kwa sababu ningekuamini. Ni ujinga, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwambie mama nimekaa nyuma ya hiyo harufu mwaka mzima, na siku hizi nne nimekuwa nikiitafuta kwenye koti langu. Na hizo picha zako nilitaka kuzifuta jana. Nikazivuta karibu. Nimeziona zote nne, kuanzia nguzo mpaka mabati. Nisamehe, Nyakundi. Nakupenda na nilikuwa nimesahau kukuambia, nikidhani unajua."

Nikainua kamera tena. Ukungu ulikuwa umepanda, umefunika kilima chote. Paa halikuonekana.

"Sikuoni," nikasema.

"Nipo."

Kisha nikasikia mwiko. Ulikuwa unagonga tofali, taratibu, ko, ko, ko, na yeye haongei. Nikajua anaendelea. Ameweka simu juu ya matofali na anaendelea kuziba, na mimi niko hapa na maneno yangu yote nimeshayamaliza. Nilisimama na simu sikioni, sikukata. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu.

"Nyakundi," nikasema. "Kama unaziba, acha niondoke kabla ukungu haujatoka. Nisione."

"Ngoja."

"Sitaki kuona."

"Ngoja ukungu utoke. Umewahi kungoja zaidi ya hapo kwa ajili ya ndege."

Ukungu ukatoka kama unavyotoka siku zote, kuanzia chini. Kwanza chai, kisha ukuta, kisha dirisha. Lilikuwa wazi lote, kutoka pembe hadi pembe, na chini yake nyasi zilikuwa zimejaa matofali yaliyotupwa. Yeye alikuwa ameshika la mwisho.

"Simiti ilikuwa bado mbichi," akasema. "Imetoka vizuri tu."

Nikakaa chini juu ya mwamba.

"Nilikupima siku ile ya baridi," akasema. "Ulipofungua mikono. Fundi alikataa, akasema hakuna mtu anaweka kitu kama hicho huku. Nikamwambia huyo mtu yupo. Ilibidi nimfungulie mikono kama wewe."

"Mimi nilidhani unataka kukumbatiwa."

"Hata hiyo nilitaka."

*

Shangazi alinipigia nikiwa bado njiani kushuka.

"Nimetoka kwa baba yako."

"Amesemaje?"

"Ameninyamazia mpaka uji ukapoa. Kisha akaniuliza, 'Bathsheba, kwa hivyo ana mwanamke au hana?' Nikamwambia, anaye, na alizaliwa kwa nyumba hii hii. Ameinama hivi. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka, Nyanchera. Ndugu yangu hajacheka tangu aachishwe bodi ya shule."

"Na ekerorano?"

"Ni Jumapili ijayo, kama ilivyokuwa. Ameshampigia ami yake. Lakini ameweka sharti: yule kijana aje na picha zote nne, zimechapishwa kubwa, aziweke mezani, wazee waone kwa macho yao."

Nikataka kukata simu.

"Na unichapishie nakala," akasema. "Siku nyingine nikienda kupeleleza nitabeba hizo. Nijikumbushe kuuliza swali moja zaidi."

Wazee walionana. Mama yake Nyakundi alikuja na mboga za chinsaga alizopika mwenyewe, akanishika mkono akaninusa shingoni mbele ya watu wote, akasema, "Huyu naye ananuka dawa za picha. Mtapatana." Tukafunga ndoa mwezi wa saba, mwezi mbaya kabisa wa kufunga ndoa, baridi na matope mpaka kwenye veli. Shangazi Bathsheba alikaa kiti cha mbele, akihesabu kumi na mbili kwa vidole ili kila mtu amwone.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla yake. Kioo cha dirisha kilikuwa kimewekwa wiki hiyo hiyo, bado kina alama za vidole vya fundi. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote. Nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikasimama pekupeku kwenye simiti baridi. Nilikuwa natetemeka kwelikweli.

Nyakundi akaja nyuma yangu na kikombe cha chai. Bila neno, akaniwekea sweta mabegani.

"Haya, sema," nikamwambia. "Ulisema nitakufa na baridi."

"Sijasema kitu."

Ukungu ukaanza kutoka, kuanzia chini. Ukaonekana mto, mashamba ya bibi Nyakerario, na juu yake ule mwamba mweusi, mtupu, nyasi kwenye nyufa. Niliutazama kwenye kamera kwa muda.

"Kule hakuna kitu," nikasema.

"Piga tu," akasema mume wangu.

Nikapiga. Simu yake ikalia, mtu wa upande wa Keumbu, ng'ombe wake ana joto la kupandwa tangu alfajiri. Nyakundi akaanza kutafuta gamubuti, nami nikatafuta koti.